Simu ya Ami Haikuharibika

Ami yangu aliinunua simu yake Mombasa mapema mwaka 2016, ikiwa mpya ndani ya boksi, akarudi nayo Lamu akiwa ameifunga kwenye mfuko wa plastiki ili maji ya chumvi yasiiguse wakati wa kuvuka kutoka Mokowe. Kwa miaka yote iliyofuata aliitunza kama alivyotunza vyombo vyake alipokuwa nahodha: hakuiacha juani, hakuiweka karibu na maji, na kioo chake hadi leo hakina ufa. Asubuhi moja mwaka jana aliniita barazani kwake, Langoni, akanionyesha maandishi yaliyotokea alipoifungua WhatsApp. Yalisema kwamba simu ile haiwezi tena kuitumia programu hiyo. "Mwanangu," akaniambia, "simu hii haijaanguka wala haijaingia maji. Imekosa nini?"

Haikukosa kitu, na hilo ndilo lililoniuma. Simu ile ilitoka kiwandani ikiwa na Android 4.4, toleo ambalo Google ililitoa mwaka 2013. Siku Ami alipolipa pesa zake, mfumo uliokuwamo ulikuwa umepita miaka miwili, na matoleo ya 5 na ya 6 yalikuwa yamekwisha kutoka. Boksi lilieleza ukubwa wa kioo, uwezo wa kamera na nguvu ya betri, lakini halikuwa na neno hata moja kuhusu muda ambao mfumo wenyewe ungeendelea kuhudumiwa. Kufikia mwaka 2025, WhatsApp ilikuwa inataka Android 5.0 au toleo la baadaye, na simu ya Ami ikabaki nje ya mlango. Sisi huhesabu umri wa simu tangu siku tulipoinunua, kumbe watengenezaji huanza kuhesabu tangu siku aina hiyo ilipotolewa sokoni, na mara nyingi sehemu kubwa ya umri huo huwa imeliwa simu ikiwa bado kwenye rafu ya duka.

Swali la pili la Ami lilikuwa la mtu aliyezaliwa miongoni mwa majahazi. Chombo kikianza kuvuja hupandishwa pwani, kikatiwa kalafati upya ya kuziba nyufa, kikapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, kikarudi majini, na mwenye chombo halazimiki kumwomba ruhusa fundi aliyekiunda. Kwa nini simu isifanyiwe hivyo? Tulikwenda pamoja kwa fundi wa simu karibu na uwanja wa Mkunguni, naye alijaribu kwa moyo mmoja. Anajua kuflashi simu, yaani kufuta mfumo uliomo na kutia mwingine, lakini kwa simu ile hakupata mfumo mpya wa kutia. Google hutoa msingi wa Android. Kampuni iliyounda chipu huandika programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuzungumza na chipu hiyo. Kisha mtengenezaji wa simu huvioanisha vyote na kamera, kioo na redio ya simu yake, yaani sehemu inayonasa mtandao. Kampuni ya chipu ikiacha kazi yake, kwa kawaida wengine hukwama, hata kama wangependa kuendelea. Wapo wanaojitolea duniani kote, kwa mfano wale wa LineageOS, ambao huzipa simu kuukuu mifumo mipya, na ninawaheshimu sana. Lakini hawawezi kuifikia kila aina ya simu, na ile ya Ami haikuwamo.

Kuna watakaosema kwamba mzee angeweza kubaki na simu yake, akaiacha WhatsApp, akapiga simu za kawaida. Ni kweli kwamba simu haifi siku huduma inapokoma, na M-Pesa yake iliendelea kufanya kazi bila tatizo, kwa kuwa menyu yake imo ndani ya laini na haitegemei toleo la Android. Lakini jambo linalonitia hofu zaidi ya WhatsApp ni lile lisilotoa ilani. Mwaka 2015 watafiti wa kampuni ya Zimperium walitangaza kasoro iliyopewa jina la Stagefright, ambayo ilikuwa katika sehemu ya Android inayofungua video na sauti, na iliyoweza kumpa mtu mbaya nafasi ya kuingia ndani ya simu kwa kutuma tu ujumbe wenye video. Walikadiria kwamba simu milioni 950 zilikuwa hatarini. Ni baada ya hapo, mwezi Agosti mwaka huohuo, ndipo Google ilipoanza kutoa masasisho ya usalama kila mwezi. Simu iliyoachwa haipati hata moja, na kila tundu linalogunduliwa na kutangazwa hubaki wazi ndani yake daima. Hata orodha ya vyeti ambavyo simu hutumia kutambua tovuti halisi huzeeka pamoja na mfumo, hivi kwamba tovuti iliyo salama huanza kuonyesha onyo, na mwenye simu huzoea kuyapuuza maonyo, jambo ambalo ni baya kuliko kutoonywa.

Pamoja na hayo yote, kilichomsumbua Ami hakikuwa usalama. Ndani ya WhatsApp ile kulikuwa na miaka ya maneno: kundi la manahodha linalopeana habari za kusi na kaskazi, salamu za jamaa wa Siyu na Faza, na zaidi ya yote, sauti za marehemu baba yangu, ambaye hakupenda kuandika na aliyemtumia ndugu yake ujumbe wa sauti karibu kila siku.

Hapa ndipo tulipojifunza jambo ambalo ningependa kila mwenye simu ya zamani alijue mapema. Mazungumzo yaliyoandikwa huhifadhiwa katika faili lililofungwa kwa siri, na hurudishwa kwenye simu mpya kwa nambari ileile iliyoyasajili. Nambari ambayo Ami aliisajilia WhatsApp haikuwa ya laini yake ya M-Pesa, bali ya laini nyingine ya zamani iliyokwisha kufungwa kwa kutotumiwa, ingawa WhatsApp iliendelea kuitambua miaka yote hiyo kwa sababu hakuwahi kuiondoa. Ujumbe wa kuthibitisha ulipohitajika kwenye simu mpya, haukuwa na mahali pa kufikia. Maandishi yote yalipotea. Laiti tungeibadilisha nambari hiyo ndani ya WhatsApp wakati simu ilipokuwa bado inakubaliwa, kazi ya dakika chache, tungeyaokoa.

Sauti, hata hivyo, huwekwa kando kama mafaili ya kawaida, katika folda zilizopangwa wiki kwa wiki. Kila faili lina herufi PTT, kisha mwaka, mwezi na siku, lakini halina jina la aliyelituma. Fundi alizinakili zote kwenye kadi ya kumbukumbu na akakataa malipo ya kazi hiyo. Kwa siku nyingi baada ya sala ya isha nilikaa na Ami barazani, kompyuta yangu ikiwa kati yetu, tukisikiliza faili moja baada ya jingine: wachuuzi, wajukuu, mtu anayelalamikia bei ya petroli ya boti, kisha ghafla baba, akiuliza kama makuti ya paa yamekwisha kufika kutoka bara. Ami aliinua mkono wake ili nisiendelee na faili lililofuata, akaomba niurudie ujumbe ule. Tulizipata sauti zake thelathini na moja. Nimezihifadhi mahali patatu tofauti, na moja kati ya mahali hapo si simu.

Simu mpya tulikwenda kuinunua pamoja. Nilikuwa nimemweleza kwamba sasa baadhi ya kampuni hutangaza muda kamili: Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung ikafuata kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024. Hizo ni simu za bei kubwa, na sikutegemea Ami azinunue. Simu za bei nafuu, ambazo ndizo wengi wetu hununua, kwa kawaida hupewa muda mfupi zaidi. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, sheria humtaka mtengenezaji kuendelea kutoa masasisho kwa angalau miaka 5 baada ya kuacha kuuza aina ya simu husika. Ningependa sana mnunuzi wa Lamu apate haki hiyohiyo, au walau tarehe ya mwisho iandikwe kwenye boksi kama inavyoandikwa kwenye pakiti ya maziwa. Simu zilizotumika, zinazoletwa kutoka nje zikiwa zinang'aa, zinahitaji tahadhari zaidi. Kabla ya kulipa, ingia kwenye mipangilio, sehemu inayohusu simu yenyewe, uangalie tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa imepita zaidi ya mwaka na simu haipati jipya, basi imekwisha kuachwa.

Dukani, kijana muuzaji alianza kusifu kamera. Ami alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza, kisha akamwuliza: "Na hii, baba, itahudumiwa hadi mwaka gani?" Kijana hakujua, na alikiri hivyo kwa uungwana. Alitafuta kwenye simu yake, nasi tukatafuta kwenye yangu, mpaka tulipoipata tarehe kwenye tovuti ya mtengenezaji. Haikutosha. Tulimshukuru, tukaenda duka la pili, ambako Ami aliuliza swali lilelile kabla hajaigusa simu yoyote.