Kilo kumi zimetoka wapi?

Aliyeikamata hitilafu ya kompaila yangu, yaani programu inayogeuza maandishi ya lugha ya programu kuwa amri za mashine, ni mjomba, na mjomba hajui kompaila ni kitu gani.

Tulikuwa barazani kwake Tandahimba, msimu wa korosho. Nilimfungulia kompyuta nimwoneshe lugha yangu ya programu, yenye maneno ya Kiswahili: kama, la sivyo, andika. Nimeiunda miezi minne, usiku usiku, chumbani kwangu Chikongola, umeme ukiwepo. Nikaingiza korosho zake: 500 - 20 - 5. Kilo 20 zilikataliwa, kilo 5 ni uzito wa magunia. Jibu likaja 485.

Mjomba akacheka. "Mpwa wangu, hizi kilo kumi zimetoka wapi? Mizani ya hivi ndiyo tunayoitafuta sisi wakulima!"

Nikarudi Mtwara mjini na aibu yangu.

Kukata maandishi kuwa tokeni, yaani vipande kama namba na alama, kulinichukua siku mbili tu. Kutoa amri kwa mashine ndogo inayorundika namba (rundika 500, rundika 20, toa) nako si shida. Kilichonila ni katikati, kuzipanga tokeni ziwe mti unaoonesha hesabu ipi itangulie. Fankisheni yangu, yaani kipande cha programu chenye kazi hiyo, ilisoma namba ya kwanza, ikiona alama ya kutoa inajiita yenyewe isome yote yaliyobaki kulia. Basi 20 - 5 ilitangulia, ikawa 15, ndipo 500 ikapunguzwa 15. Kwenye kujumlisha hushtuki, maana 500 + 20 + 5 ni ileile uanzie popote. Na mimi, kwa uvivu, majaribio yangu yote yalikuwa ya kujumlisha.

Nikageuza kanuni ianzie kushoto: hesabu ni hesabu, alama, namba. Balaa! Fankisheni ikawa inajiita kabla haijasoma hata tokeni moja, ikajiita tena na tena, hadi programu ikaanguka. Nilijifariji kwamba John Backus na wenzake pale IBM walianza lugha yao ya programu, FORTRAN, mwaka 1954 wakaitoa 1957, tena wao walikuwa na mshahara.

Dawa ilikuwa kitanzi, yaani amri zinazojirudia, cha mistari sita: soma namba, na kila ukikuta alama ya kutoa, mti uliokwisha kuujenga uweke kushoto, namba mpya kulia, endelea.

Ijumaa nikampigia. "475, mjomba."

"Haya. Sasa weka 1,250."

Yeye elfu huiandika na koma. Mashine ikasoma namba mbili, 1 na 250.