Sekunde mbili za alfajiri

Jirani yetu mpya amenunua Benzi, C200 nyeusi yenye maandishi ya Kompressor. Juzi aliiwasha alfajiri nikiwa bado kitandani, na kabla injini haijatulia ikatoa mlio, krrrr, kama mtu aliyetikisa kopo la misumari kisha akakumbuka kuna watu wamelala. Mama watoto akaniuliza mbona nimekaa kitako. Nikamwambia mbu.

Mlio ule naujua. Ile SLK yangu ya rangi ya fedha, Benzi ndogo ya viti viwili, mnaijua, wengine mmeshaisukuma, kwa hiyo sitaanzia mwanzo. Leo nasimulia ile asubuhi ya kuinunua tu.

Jioni ya kuamkia siku hiyo tulikwenda Mikocheni, Dar, mimi na mzee wangu, fundi wa magari wa mtaa wa Gerezani. Gari limeoshwa, tairi zimepakwa dawa zinang'aa, boneti limeshafunguliwa kutusubiri. Mzee hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja juu ya mfuniko wa injini. Wa moto.

"Nilitoka kuweka mafuta, mzee wangu," muuzaji akasema.

"Vizuri. Tutarudi kesho saa kumi na mbili asubuhi. Usiiwashe, wala usiisogeze."

Nilinuna, maana hela zilikuwa zinaniwasha mfukoni. Lakini jioni ile haikupotea bure. Tulisoma namba ya chasisi kioo cha mbele, chini ya boneti na kwenye kadi ya gari: WDB ya Mercedes, kisha 171442, ambayo ni SLK 200 Kompressor ya kabla ya mabadiliko ya 2008, kisha tarakimu 2, kisha F. Hiyo 2 ndiyo ya kuitazama. Kwa Mercedes inasema gari limezaliwa na usukani kulia. Ukikuta 1 na usukani uko kulia, ujue kuna mtu ameuhamisha, na dashibodi ilishang'olewa yote. F ni kiwanda cha Bremen.

Kwenye fremu ya mlango wa dereva kulikuwa na stika mbili za Japani za kumwaga oili. Kijapani hatusomi, ila kilomita zinasomeka. Kati ya stika moja na nyingine zilikuwa zimepita kilomita 17,000. Mzee alipiga mluzi mdogo, akafunga mlango polepole kama wa chumba cha mgonjwa.

Nilikuja kuuelewa mluzi ule baadaye. Injini ya gari lile ni M271, silinda nne, lita 1.8, na cheni yake ya taimingi, ile inayozungusha kamshafti za kufungua valvu, ni ya safu moja tu. Kinachoikaza ni tenshena inayosukumwa na presha ya oili. Oili ikichakaa ndani kwa kilomita zote hizo, cheni inarefuka kidogo kidogo, na meno ya zile gia mbili za mbele za kamshafti yanachongoka kama ya papa. Siku cheni ikiruka jino, valvu zinaweza kukutana na pistoni, na hapo hununui tena kifaa, unanunua injini. Ndiyo maana mzee aliitaka ya baridi. Gari likilala usiku kucha, oili inashuka kutoka kwenye tenshena. Asubuhi ukiwasha, kuna sekunde mbili tatu kabla presha haijapanda. Ndani ya sekunde hizo cheni iliyolegea inasema ukweli wake wote.

Asubuhi basi. Kunguru wa Dar walikuwa wameshaanza kelele zao juu ya mwarobaini uliokuwa umelifunika gari kwa majani. Mzee aligusa injini: baridi. Akatoa bisibisi yake ndefu yenye mpini mwekundu, akaweka ncha upande wa mbele wa mfuniko wa valvu, mbali na mkanda, sikio kwenye mpini, jicho moja kalifumba. Akanyoosha kidole kumwambia muuzaji awashe.

Krrrr.

Nilikuwa namtazama mzee usoni, sikuwa natazama gari. Hakukunja uso wala hakutikisa kichwa. Midomo yake ilihesabu tu, moja, mbili, kisha injini ikatulia na kunguru wakasikika tena.

"Umesikia ilivyo kimya?" muuzaji akaniambia mimi. "Kama friji."

"Zima," mzee akasema. "Washa tena."

Akawasha. Hakuna kitu. Akazima, akawasha mara ya tatu, ikaitika laini kabisa. Nikaanza kujiambia labda ilikuwa sauti ya stata, labda bati la eksozi. Nilitaka sana iwe bati la eksozi. Mlio ule ukishapita, shahidi wa pili humpati mpaka kesho yake alfajiri, na muuzaji alikuwa anatabasamu kama mtu anayejua hivyo.

Mzee alichomoa bisibisi sikioni na kuniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, hiyo ni cheni. Sasa tuitazame hiyo kompresa uliyoifuata."

Mtaani ukisema kompresa watu wanafikiria AC, au ule mtungi wa fundi pancha. Hii ya maandishi ya Kompressor ni supachaja ya kampuni ya Eaton, ya aina ya Roots: rota mbili zinazozunguka zikipishana ndani ya nyumba ya aluminiamu, zikivutwa na mkanda kutoka kwenye puli ya injini na kuisukumia injini hewa. Turbo inaendeshwa na moshi wa eksozi, kwa hiyo inakusubirisha kidogo. Hii haina kusubiri, ila nguvu ya kuizungusha inakatwa kwenye injini yenyewe, na puli na beringi zake hazipumziki foleni nzima ya Mwenge.

Alisikiliza kwanza injini ikiunguruma tu bila kukanyagwa mafuta. Mlio wa kugongagonga unaopotea ukiongeza mafuta kidogo ni ile koplingi ya plastiki ya ndani imekula. Mlio wa kusaga unaopanda pamoja na mizunguko ni beringi ya mbele. Akazima, akaachia tenshena ya mkanda, akauvua na kuizungusha puli kwa mkono. Izunguke laini bila kukwama, isiwe na mchezo wa kwenda mbele na nyuma, na pua yake isiwe na unyevu wa oili, kwa sababu gia za mbele zina oili yake chache, peke yake, ambayo wengi hawajui kama ipo. Yetu ilikuwa nzuri. Mipira ya upumuaji iliyofichika chini yake ndiyo ilikuwa imekauka. Mmoja ulikuwa na ufa. Hapo injini inavuta hewa isiyopimwa, inafyonza kwa mluzi, na kompyuta inaandika kosa P0171, yaani hewa nyingi mafuta kidogo.

Lakini tulipochomeka mashine ya kusoma makosa hapakuwa na kosa lolote. Mzee akafungua ukurasa mwingine, ule wa vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe likiendeshwa siku kadhaa. Vingi vilikuwa havijakamilika. Maana yake kuna mtu kafuta makosa jana au juzi. Mashine safi namna hiyo, alisema, ni kama mwanafunzi aliyefuta ubao kabla mwalimu hajaingia.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Alichomoa soketi za sumaku mbili za kamshafti, mbele ya injini, akapitisha tishu ndani: kavu. Zikivuja, oili hupanda ndani ya nyaya hadi kwenye kompyuta. Akalala chini akatazama soketi ya gia boksi ya otomatiki, kavu pia. Ile nayo ikivuja hupeleka mafuta kwenye kompyuta ya gia. Barabarani aliniambia nikae kilomita 60 hadi 80 kwa saa nikikanyaga mafuta kidogo tu. Likitetemeka kama linapita juu ya rasta, huenda kulanti, maji ya kupozea injini, imeingia kwenye mafuta ya gia kupitia rejeta. Halikutetemeka. Mwisho tukaliweka gia ya tatu, mizunguko 2,000, nikakanyaga mpaka chini. Farasi 163 si wengi, lakini walikuja wote papo hapo, na nyuma ya kelele ile ya kufyonza nilimsikia mzee akicheka kwa mara ya kwanza.

Pale ndipo nilipokwisha. Sasa nataka kuwa mkweli: kuanzia dakika ile sikuwa nakagua gari, nilikuwa natafuta bei. Nikaishika ile cheni kama silaha. Cheni, gia zote mbili, tenshena, reli zake za plastiki, na kazi. Muuzaji alibisha, akamwita Mungu, kisha akashusha milioni tatu. Nikajiona mjanja wa mji mzima.

"Na paa?" mzee akauliza tukiwa tayari tunaandikishana.

Paa la SLK ni la bati, linajikunja lenyewe kuingia kwenye buti kwa sekunde 22. Muuzaji alisema linafanya kazi, ila ndani ya buti kuna mizigo yake, na kile kitambaa cha kutenganisha mizigo na paa lazima kivutwe na kushikizwa ndipo paa likubali. Hilo ni kweli kabisa. Kitambaa kisiposhikizwa, paa haliendi. Nikamwambia mzee, "Tumeshamaliza, mzee." Akanitazama, akafuta bisibisi yake kwa kitambaa.

Cheni tulibadilisha wiki ileile, na oili ya daraja la Mercedes 229.5, lita tano na nusu, nikawa naibadilisha kila kilomita 8,000. Cheni haikulia tena hata siku moja. Masika ya kwanza paa likakwama nusu njia, mimi nikiwa kituo cha Sayansi, mvua ikinitazama. Tulipoinua zulia la buti tukakuta maji, majani ya mwarobaini yaliyoziba mifereji, silinda moja ya haidroliki inavuja, na boksi la fyuzi la nyuma limeota kutu ya kijani. Bei yake ilizidi ya cheni.

Mzee hakuwahi kunisimanga. Nilijaribu kumwomba radhi siku moja, akasema ukaguzi ulikuwa mzuri, mkaguzi ndiye aliyekuwa na haraka. Mpaka leo sijui alimaanisha mimi au yeye.

Jirani hajaniuliza chochote kuhusu Benzi yake. Tukikutana getini ananipungia mkono, anapangusa vumbi kwenye yale maandishi. Nimefikiria kumgongea mara mbili, nikajiuliza nitaanzia wapi na mtu mwenye furaha namna ile. Leo alfajiri imelia tena. Nimehesabu kwa midomo kama mzee: sekunde tatu.