Siku moja maishani mwangu: kuiandaa nyumba ya Soweto kwa mnunuzi

Saa 12:15 asubuhi. Kazi yangu ni kuziandaa nyumba zinazouzwa. Leo niko Soweto, Moshi, kwenye nyumba ya vyumba vinne, na wateja wanakuja jioni. Nimewahi kwa sababu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Mlima una mita 5,895 lakini hauna adabu ya miadi. Ukichelewa kidogo unakuta mawingu yameshaufunika. Desemba jua linachomoza likiwa limeegemea kusini, linaipiga theluji usoni, na baraza la nyuma la nyumba hii linautazama mlima. Nafungua kwanza kamba ya kuanikia nguo iliyoukata mlima katikati, kisha napiga picha. Mteja akija jioni mlima haupo, nitamwonyesha kwenye simu.

Saa 1:30. "Shikamoo mama," namsalimu mwenye nyumba. "Marahaba mwanangu. Leo unanitolea nini tena?"

Leo ni sebule. Makochi ya ziada yanakwenda stoo, pamoja na kabati la glasi ambazo hazijawahi kunywewa maji na mtu. Vitambaa vya kufuma vinatoka bila vita, hata kalenda za parokia za miaka iliyopita. Vita vinaanza kwenye picha za mahafali za watoto, ukuta mzima.

"Sasa mtu atajuaje kama hapa walilelewa watoto?"

Namwambia mnunuzi anatafuta pa kutundika za kwake. Anakunja uso, anapiga funda la chai. "Haya, za mahafali toa. Ya harusi yangu haitoki." Tunakubaliana ihamie kwenye korido ya vyumba vya kulala.

Saa 3:00. Mafundi wamefika. Wenye nyumba wengi hukimbilia kupaka rangi nyumba nzima, ndani na nje. Mimi hela ya kwanza naipeleka kwenye vitu vinavyoguswa na mkono: vitasa, swichi, koki, mlango unaogoma kufunga. Mtu anaweza asikumbuke rangi ya ukuta, ila koki inayodondosha maji ataikumbuka mpaka siku ya kutaja bei.

Chumba cha wageni kina doa la njano kwenye dari la jipsamu. Fundi rangi ameshachovya brashi. Namzuia. Anapanda kijana juu, anakuta msumari wa bati umelegea na mpira wake umeoza. Unawekwa mpya, tunamwaga ndoo ya maji hapo juu kuhakikisha, ndipo dari linapakwa. Vuli haijaisha, doa la kufichwa kwa rangi lingerudi na mvua ijayo, tena mbele ya mteja, na mama wa watu angeonekana tapeli.

Bafuni nashika mwenyewe mswaki wa zamani na sabuni ya unga. Mistari kati ya marumaru ilikuwa myeusi kabisa. Ukisugua inageuka kijivu, halafu karibu nyeupe. Hakuna kilichonunuliwa, na bafu limepungua umri. Nje, udongo mwekundu ulioruka na mvua umechafua ukuta chini pote. Tunauosha, kisha tunazungushia mkanda wa rangi ya kahawia, maana mvua itaruka tena.

Saa 7:00 mchana. Mama anataka kukaanga samaki. Namsihi tuagize mtori kwa mama ntilie. Manukato nayo sipulizi: mnunuzi mzoefu akikutana na manukato anaanza kunusa unyevu.

Saa 9:00. Mapazia mepesi, balbu za rangi moja, vyungu vya maua barazani. Basi.

Saa 10:30 jioni. Dalali anaingia na mume na mke kutoka Dar es Salaam. Wamekuja mapema kwa ajili ya Krismasi, na msimu huu ndio tunaouza. Mke anasimama sana jikoni, anafungua kabati moja moja. Mume hana habari na maua yangu. Anafungua koki zote, anavuta maji chooni, anatazama dari, kisha anauliza mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla. Ipo ya nyumba peke yake, na kodi ya jengo ya shilingi 1,500 kwa mwezi inakatwa humo humo. Halafu hati. Nakala iko mezani, pamoja na ridhaa ya baba aliyeko shambani Rombo, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila mwenzake kukubali.

Wanaomba kurudi Jumamosi asubuhi na fundi wao, na wauone mlima kwa macho.

Saa 1:00 usiku. Dalali anapiga simu. Nyumba sasa imependeza, anasema, tuongeze cha juu kidogo, mama hatajua. Namjibu bei ni ile aliyoitaja mama, na Jumamosi mama mwenyewe ataitamka mbele ya wateja. Anaguna, anauliza kama funguo za geti ninazo mimi.

Ninazo.