Kuvuka Ziwa Kivu kutafuta boksi la keki

Keki ya harusi aliyooka Mama mdogo mwezi wa saba iliharibikia mlangoni mwa ukumbi. Aliitia ndani ya kartoni ya biskuti aliyoomba dukani, mvua ikailainisha, ubavu mmoja ukalalia krimu. Bibi harusi alinyamaza tu. Mama mdogo alilia njia nzima mpaka Birere, mtaa wa Goma. Ndiyo maana nilipanda boti kwenda Bukavu: tulikuwa tumeambiwa kwamba huko, mtaa wa Kadutu, kuna muzee anayetengeneza maboksi ya keki kwa mkono.

Tuliondoka Goma asubuhi, ziwa limetulia. Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, walikuwa wanarudi, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na sauti zao za kuimba zilitufikia kabla hatujawaona. Kisiwa cha Idjwi kilikaa kushoto kwetu muda mrefu sana. Mimi nilikuwa nawaza habari niliyosoma usiku, na sikuweza kuiacha.

Mwaka 1844 Aaron Dennison, fundi saa na muuza vito wa Boston, Marekani, alikuwa amechoshwa na maboksi ya vito yaliyotoka ng'ambo. Bei juu, kazi mbovu. Akapeleka kartoni na karatasi kwa baba yake Andrew, fundi viatu katika mji mdogo wa Brunswick, jimbo la Maine. Mzee akakata maboksi kwenye benchi lake la viatu, binti zake wakabandika pale pale nyumbani, kijana akauza mjini. Kazi hiyo ya familia ikawa kiwanda, Eliphalet, ndugu yake Aaron, akaiongoza baada yake, na jina lao lipo hadi leo: mwaka 1990 kampuni iliungana na Avery ikaitwa Avery Dennison. Nilipenda sana kwamba ilianzia kwa fundi viatu.

Bukavu ilitokea na rasi zake zilizoingia majini kama vidole. Pikipiki ikanipandisha Kadutu kwenye matope, na nilipofika nikasimama kidogo mlangoni, maana mbele yangu palikuwa na kalibu za miti za viatu zimepangwa ukutani.

“Karibu, mwanangu. Ingia, usiogope vumbi.”

“Aksanti, muzee. Kumbe wewe ni fundi viatu?”

“Viatu vililisha watoto. Maboksi yalianza kwa sababu wateja walitaka viatu vya zawadi.”

Alinikalisha kando yake. Kwanza alinifundisha kuuliza kartoni inapenda kukunjwa upande gani: unaishika kingo mbili, unaipinda kidogo, halafu unaigeuza. Upande mmoja unakubali, mwingine unakaza, kwa sababu nyuzi za karatasi zimelala upande mmoja. Kisha mstari wa mkunjo. Kisu kinapita nusu ya unene, si zaidi. Ukizidisha, kona inakatika, ukipunguza, inapasuka ovyo. Kila kona inafungwa kwa utepe wa karatasi na gundi ya unga wa muhogo. Na ukibandika karatasi nje, ubandike na ndani, maana gundi ikikauka inavuta, na boksi lenye karatasi upande mmoja linajikunja kama jani. Kifuniko kinazidi boksi kidogo tu. Alikiweka juu, akakiachia. Kilishuka chenyewe polepole, hewa ikitoka taratibu pembeni. Nilimwomba arudie.

Nilimsimulia habari za Brunswick. Alisikiliza kisu mkononi.

“Yule kijana alileta kartoni yeye mwenyewe kwa baba yake?”

“Ndiyo, muzee.”

“Basi alimheshimu.”

Nilitaka maboksi arobaini. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Boksi gumu la namna hii halilazwi likawa bapa. Arobaini yangejaza nusu ya boti, na mwenye boti angedai nauli ya nafasi, yaani ningelipa kusafirisha hewa. Nadhani ndiyo maana miji midogo mingi ilikuwa na mtengeneza maboksi wake, karibu na wenye bidhaa. Aliyefungua njia nyingine ni Robert Gair, Mskoti mwenye kiwanda cha mifuko ya karatasi Brooklyn, Marekani. Mwaka 1879 chuma cha kutia mikunjo katika mashine yake kilikaa juu kuliko inavyotakiwa, kikakata mifuko. Mifuko ile ilikuwa hasara, lakini Gair aliona kwamba mashine moja inaweza kukata na kutia mikunjo kwa pigo moja. Tangu hapo boksi likaweza kusafiri likiwa bapa na kusimamishwa kwa mteja.

Nilimweleza muzee. Akakuna kidevu, akaita binti zake wawili, na mchana kutwa wakakata na kutia mikunjo bila kubandika hata kona moja. Maboksi arobaini yakawa furushi nililolibeba kwapani, na juu yake akafunga kisu kimoja cha zamani.

“Hiki ni cha mama yako mdogo. Asikitumie kwa nyama.”

Jioni ya pili, Birere, tulisukuma vyungu pembeni ya meza. Kona ya kwanza ilifumuka, gundi ilikuwa majimaji. Tukapika nyingine nzito zaidi. Boksi likasimama, lakini kifuniko kilikwama katikati. Mama mdogo alikitoa, akakiinua kwenye taa, akaangalia ndani ya kila kona.

“Leta kisu,” akasema. “Tunakata kingine.”