Nilivyoirudisha bustani ya mboga iliyomezwa na ndago (bila mashine, samahani shemeji)

Kila aliyeiona bustani ile alikuwa na ushauri, na ushauri wenyewe ulikuwa mmoja: leta mashine, pindua udongo, panda kabla ya mvua. Aliyepaza sauti kuliko wote ni shemeji yangu. "Wewe endelea kuchezea kijembe chako, mvua itakukuta hapo hapo."

Kufyeka hakuna la kusimulia. Panga, glavu, suruali ambayo huionei huruma kishonanguo kikiivaa. Ila kama magugu yameshazaa, kata vichwa vya mbegu kwanza uvitie guniani. Mche mmoja mkubwa wa mchicha pori unaweza kumwaga mbegu zaidi ya laki moja, na nyingine hulala ardhini miaka ndipo ziote.

Adui wa kweli alikuwa chini. Chimba palipo na ndago uone: vinundu vyeusi vimeungana kwa nyuzi, kimoja baada ya kingine, kama tasbihi. Maadamu uzi ni mzima, vingi vinalala tu huku cha mwisho kikichipua. Ukate uzi huo, na vile vilivyolala vinaamka, kila kimoja na mche wake. Sasa mashine inafanya nini, kama si kukata nyuzi? Nilimweleza shemeji. Akacheka.

Basi nikampa kona. Nilimwambia, "Hii ni yako, fanya utakavyo." Akaja na mashine ya kukodi, na lazima niseme kweli, kazi ilipendeza. Udongo laini, umesawazishwa kwa reki, akapiga na picha. Manyunyu ya kwanza yakapita, kona ikaanza kuwa kijani. "Umeona rutuba hiyo?" akaniuliza. Nikanyamaza. Ndago iliota sawasawa kila mahali meno ya mashine yalipopita, nene kuliko hata kabla hajaigusa. Hakukata tamaa. Alirudi na nailoni nyeusi, akaitandika, akaibana kwa mawe, akatangaza kuwa hakuna mmea unaoishi bila jua. Hilo la jua kweli. Lakini kichipukizi cha ndago kina ncha kali, na nailoni nyepesi kinaitoboa. Asubuhi moja nilimkuta ameinama juu ya nailoni yake, vijiti vya kijani vimechomoza kila upande, anavipigia hesabu kimya kimya. Nilimletea chai.

Upande wangu nilikwenda polepole, kipande kwa kipande. Namwagilia jioni ili udongo ulegee, asubuhi naingia na jembe la meno, si la bapa. La bapa linakata, la meno linanyanyua. Ukinyanyua, fuata uzi kwa vidole mpaka mwisho wake. Inachosha mgongo, sikufichi. Vinundu usivitupe kwenye mboji, vitakurudia. Vianike juu ya bati kwenye jua kali mpaka vikauke kabisa, maana ukavu ndio unaoviua. Sehemu ambazo sikuwa nimezifikia nilizifunika kwa maboksi yaliyotolewa gundi za plastiki, yamelowanishwa na kupandiana kingo, juu nyasi kavu. Hiyo haimalizi ndago, lakini magugu mengine inayanyima nafasi.

Kisha ile hila yangu, ambayo bado naionea fahari. Matuta yakishakuwa tayari kabisa, sikupanda kitu. Nilimwagilia udongo mtupu. Wapita njia walidhani nimechanganyikiwa, maana nilikuwa nakuza magugu kwa bidii. Mbegu ndogo za magugu huota zikiwa karibu na uso wa udongo, basi nikaziita zije zote. Zilipotoa majani mawili nikazikwatua juu juu, jua likiwa kali, nikarudia tena. Siri ni kutochimba: ukienda chini unaleta juu mbegu nyingine. Ndipo nikapanda sukuma wiki na nyanya, tena miche, si mbegu. Karoti usithubutu msimu wa kwanza. Huchelewa kuota, na kuzipalilia zikiwa changa ni mateso.

Pesa yangu iliishia kwenye jembe na magunia machache ya mboji iliyoiva. Samadi mbichi sikuitaka, imejaa mbegu za magugu. Maboksi nilipewa bure na watu waliofurahi kuyaondoa. Kilichogharimu zaidi katika hadithi hii ni mashine, na haikulipiwa na mimi.

Kona ile niliichukua tena. Nimejaza marando ya viazi vitamu, yametanda mpaka udongo hauonekani, na ndago haipendi kivuli. Imedhoofika sana humo ndani. Iliyobaki inachungulia pembeni na kwenye njia za kati ya matuta, nami naing'oa nikipita na ndoo ya maji. Shemeji anasema mavuno ya viazi vile tugawane, kwa sababu aliyelainisha udongo ni yeye.