Nilivyoishusha daraja nyumba yetu kwenye kodi ya majengo

Nyumbani Tanzania kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU, na hakuna anayekuuliza nyumba yako ina thamani gani. Huku Ayalandi unaipangia thamani mwenyewe, unaitangaza kwa mamlaka ya kodi, Revenue, nayo inakaa miaka kadhaa. Ukinunua nyumba ya mtu, unarithi na thamani aliyoitaja yeye.

Mimi na mume wangu tulinunua yetu Limerick katikati ya 2022 kwa euro 248,000. Kufungua akaunti ya kodi, tukakuta aliyetuuzia kaiweka daraja la tatu: euro 262,501 hadi 350,000, kodi ya msingi 315 kwa mwaka. Daraja la pili lilikuwa 225. Nadhani alichukua tu wastani wa eneo unaoonekana kwenye ramani ya Revenue. Wastani haujui kwamba paa linavuja.

Kupandisha thamani ni kazi ya mtandaoni tu. Kushusha, unaandika na kuambatisha ushahidi, na ushahidi wenyewe lazima uhusu tarehe moja, ile ya tathmini, ambayo wakati huo ilikuwa 1 Novemba 2021. Kwa hiyo picha nilizopiga baada ya kubadilisha nyaya na boila hazikuwa na kazi. Nilimwomba dalali zile za tangazo la mauzo, zenye ukungu ukutani na jiko la enzi hizo.

Kisha nikaingia kwenye rejista ya bei za nyumba, iliyo wazi kwa kila mtu, yenye mauzo tangu 2010. Inataka macho. Inakupa anwani, tarehe na bei, lakini haisemi nyumba ina vyumba vingapi. Nyumba mpya zimeandikwa bila VAT, kwa hiyo bila kuongeza asilimia 13.5 unalinganisha vitu viwili tofauti. Mauzo mengine yana alama kwamba bei si kamili ya soko, hayo niliyaruka. Zilizobaki za mtaani kwetu nilizipitia kwa miguu, nikizitazama kwa nje kama mpelelezi.

Hoja niliyoitanguliza ilikuwa bei yetu wenyewe. Tangu Novemba 2021 bei zilikuwa zikipanda. Nyumba iliyouzwa 248,000 miezi kadhaa baadaye, bila kuguswa, ingevukaje 262,500 siku ile? Rafiki alisisitiza nitafute mthamini. Kwa tofauti ya euro 90 kwa mwaka, ada yake ingemeza faida yote, nikaacha.

Waliniandikia wakitaka hati ya mauzo, nikatuma, wakaishusha. Kiasi kilichozidi kilihesabiwa kwenye kodi ya mwaka uliofuata.

Tarehe ya tathmini iliyofuata ilikuwa 1 Novemba 2025, madaraja yakiwa yamepanuliwa. Safari hii paa, nyaya na boila vyote vinahesabika. Nimeirudisha daraja la tatu mwenyewe, ambalo sasa ni euro 315,001 hadi 420,000, na kodi ya msingi 333.