Mfuko Ambao Sikuufungua

Kwa miaka miwili nilifundisha takwimu katika darasa la pili kana kwamba ni somo la kuchora: watoto walihesabu vitu, wakapaka rangi safu za chati, kisha wakanitajia safu iliyo ndefu kuliko zote. Walijibu vizuri, lakini kila nilipowauliza chati hiyo inatuambia nini kuhusu watoto ambao hatukuwauliza, darasa zima lilinyamaza.

Nikaanza upya na mfuko wa kitambaa kizito, ambamo nilitia shanga 10, 8 nyekundu na 2 za buluu, nikawatajia jumla na rangi tu. Kila kundi lilichopoa ushanga mmoja bila kuchungulia, likaandika rangi yake, likaurudisha na kuutikisa mfuko kabla ya kuchopoa tena, hadi mara 10 zikatimia. (Kule kurudisha kulihitaji subira, maana watoto wengi waliona ni kupoteza kile walichokwisha kupata.)

Makundi matano yalipata nyekundu mara 6, 9, 10, 7 na 7. Waliopata 10 walishikilia kwamba mfukoni hamna buluu kabisa, na waliopata 6 wakadai kuwa wenzao wamekosea kuhesabu. Sikuwasahihisha; niliwauliza tu kwa nini mfuko uleule umetoa majibu tofauti. Baada ya mabishano marefu mtoto mmoja akasema, “Mwalimu, mkono hauoni.” Tulipojumlisha tukapata nyekundu 39 kati ya 50, na wao wenyewe wakaamua kuiamini hesabu ya wote kuliko ya kundi lolote moja. Wengi walikisia nyekundu 8.

Walinisihi niufungue mfuko, nami nikakataa. Ninauthamini uamuzi huo kuliko zana zote nilizotumia, kwa sababu mtoto anayejua kwamba jibu litafunuliwa mwishoni hulisubiri hilo, wala haoni haja ya kupima ushahidi alio nao.

Wiki iliyofuata tulihesabu herufi za majina ya watoto wa darasa letu, nikauliza kama matokeo hayo yanaifaa shule nzima. Safari hii hakuna aliyenyamaza. Mmoja alipendekeza tuandike majina ya watoto wa madarasa yote kwenye vikaratasi, tuvitie mfukoni, kisha tuchopoe bila kuangalia.